Ukingo unaobaki: kuchagua vifaa vya kukatia bati la gari nyumbani

Hotuba hii ilitolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya wenye magari na vijana wanaojifunza ufundi wa bodi. Inawekwa hapa nzima kwa wale ambao hawakujaaliwa kufika.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliojaa kule nyuma kivulini, karibuni sana.

Sisi ni watu wa kisiwani. Kusi ikivuma inaleta chumvi, kaskazi ikivuma inaleta chumvi. Gari zetu nyingi zimetoka Japani zikiwa zimeshatumika, na zikifika hapa zinalala nje, masika yanazipiga, vuli inazipiga. Kutu inaanza pale maji yanapotuama: mdomo wa madigadi ya nyuma, chini ya mpira wa mlango, pembeni mwa sakafu, na ndani ya kizingiti, yaani lile boksi la bati linalopita chini ya milango. Bati likishatoboka, pati, ule unga laini wa kuziba na kulainisha bati, haliponyi kitu. Pati linanyonya unyevu, kutu inaendelea kula kwa chini, na baada ya miezi michache rangi inavimba palepale. Dawa ni kukata kibovu na kuchomea bati jipya.

Basi leo tunazungumzia kukata. Na neno nililokuja nalo ni moja. Msichague kifaa kwa kuangalia kile mnachokitoa. Chagueni kwa kuangalia ukingo unaobaki kwenye gari. Kipande kilichooza kinakwenda jaani. Ukingo unaobaki ndio utakaochomewa, ndio utakaopakwa rangi, ndio utakaokaa na mvua. Ukingo ukiwa umepinda, umeungua au umeliwa, hakuna mchomeaji wa kuuokoa.

Tulianze bati lenyewe. Mnajua bati la nje la gari ndogo lina unene gani? Ni milimita 0.7 mpaka 0.8 hivi. Sakafu inakaribia 0.8 mpaka 1. Mbavu za ndani na vizingiti vya ndani vinaanzia 1.2 na kupanda mpaka 2 au zaidi. Pima kwa kalipa, kile kipimo cha taya mbili, kwenye ukingo msafi, usikisie. Bati la milimita 0.8 halihitaji nguvu kulikata. Linahitaji utulivu, kwa sababu adui yake ni joto. Ukilipasha moto sehemu moja tu, linajikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni, na likishanywea halirudi. Kwa hiyo mtungi wa gesi wachieni wanaokata chesisi za malori. Kwenye bati la bodi gesi inapinda, inaunguza zinki inayolikinga bati na kutu, na inaacha ukingo wenye magamba.

Chukueni gari moja ndogo, Passo au Vitz, madigadi ya nyuma imeoza mdomoni, sehemu ya ukubwa wa kiganja. Mkataji anachukua grinda yenye jiwe, yaani diski ya kukatia, la milimita 3, kwa sababu ndilo lililokuwepo dukani. Anakandamiza, anapitisha mara moja, ukingo unakuwa wa buluu. Ile buluu ni joto linazungumza. Halafu anakata kiraka kwa jiwe lilelile. Akikiweka, pengo ni milimita 3 upande huu na 4 upande ule. Mchomeaji anakuja na fimbo ya kuchomea ya milimita 2.5, anatoboa, anaziba, anatoboa tena. Bati linavimba. Pati linapakwa nusu sentimita kuficha uvimbe. Masika yakipita, pati limepasuka. Mwenye gari anamlaumu mchomeaji. Mimi nasema kazi ile iliharibika kabla mashine ya kuchomea haijawashwa.

Pengo la kuchomea bati la 0.8 lisizidi milimita 1. Tumia mashine ya kuchomea kwa waya (MIG), waya wa milimita 0.6, nukta moja moja kila milimita 25 mpaka 30, ukirukaruka kutoka pembe hii kwenda ile ili joto lisirundikane. Hayo hayawezekani kama ukingo si safi.

Sasa ukingo safi unapatikanaje? Kata mara mbili. Narudia, vijana: kata mara mbili. Mkato wa kwanza ni wa kutoa uozo, nao unaupiga milimita 15 ndani ya mstari wako, upande wa kibovu. Hapo tumia chochote chenye kasi. Mkato wa pili ndio wa mstari wenyewe, na huo unataka kifaa baridi. Ukiwa umebakiwa na ukanda wa milimita 15 tu, mkasi unaenda kwa raha, kwa sababu ule ukanda unajikunja wenyewe kupisha taya. Ukijaribu kuingiza mkasi katikati ya bati zima, utalipinda tu.

Na mstari wenyewe unapita wapi? Piga bati kwa kishikio cha bisibisi. Bati zima linalia, bovu linatoa sauti ya karatasi. Fuata mpaka lilie, halafu ongeza milimita 25. Pembe za kiraka zifanye mviringo, nusu kipenyo cha milimita 10 au 20. Pembe kali ndiyo inayopasuka kwanza, na ndiyo jiwe la grinda linapopitiliza mstari, kwa sababu jiwe ni duara: likifika pembeni kwa chini, kwa juu limeshakula zaidi. Simama milimita 5 kabla ya pembe, umalizie kwa bladi ya msumeno.

Mkasi wa bati niuzungumze kwa kirefu kidogo, maana watu wanaudharau kisha wanalalamika. Hii mikasi yenye mkono wa mpira na maungo mawili inauzwa kwa rangi tatu, na rangi si urembo. Mwekundu unakata kwa kupinda kushoto. Wa kijani unapinda kulia. Wa njano unakwenda moja kwa moja. Mdomo wa madigadi una mviringo, kwa hiyo ukiwa na wa njano peke yake utalazimisha, na ukilazimisha, ukingo unakunjamana. Nunua mwekundu na wa kijani kwanza. Hiyo miwili inakata hata mstari ulionyooka mfupi. Uwezo wake ni bati laini la mpaka milimita 1.2 hivi. Zaidi ya hapo unaharibu maungo yake. Na usifunge taya mpaka mwisho. Kila unapozifunga kabisa, ncha zinaacha jino dogo kwenye bati. Funga robo tatu, sukuma mbele, funga tena. Ukimaliza, pitisha tupa ndogo ukingoni, kisha nyundo nyepesi juu ya chuma bapa kulaza ule mkunjo mdogo.

Kisha msumeno wa chuma. Bladi zake zina meno 18, 24 au 32 kwa inchi. Kanuni ya zamani ni kwamba angalau meno matatu yawe ndani ya chuma wakati mmoja. Bladi ya meno 32 ina nafasi ya milimita 0.8 toka jino hadi jino. Bati lako ni 0.8. Maana yake ukikata wima ni jino moja tu linalofanya kazi, linanasa, linavunjika. Tatizo hili linatatuliwa kwa mkono, si kwa pesa: laza msumeno. Ukiulaza mpaka nyuzi 20 hivi na bati, meno yanapita kwenye chuma cha milimita 2.3, na hapo umeshapata meno yako matatu. Meno yaelekee mbele, mbali na mkono wako. Anayekata kwa bladi iliyofungwa kinyume anasema bati la Mjapani ni gumu.

Kuna wanaosema haya ya mkono yamepitwa na wakati. Ndugu zangu wa Unguja mliokuja leo, mmesahau Disemba 2009? Waya wa umeme unaotoka bara ukaharibika, na kisiwa kikakaa gizani mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Na kabla yake, 2008, giza la karibu mwezi mzima. Grinda zilikuwa zimelala makabatini, ila mwenye mkasi, tindo, tupa na msumeno aliendelea kukata. Hata leo umeme ukikatika saa nne ya asubuhi gari ikiwa wazi tumbo, vifaa vya mkono ndivyo vitakavyoifunga kabla mvua haijaingia.

Kama una umeme na unataka kukata mistari mirefu, sakafu kwa mfano, kuna mashine inayong'ata bati vipande vidogo vidogo mfano wa kucha. Mafundi wengine wanaiita nibla. Ipo pia ya kufunga kwenye drili ya kawaida. Haipindi bati wala haipashi joto. Lakini inakula njia ya milimita 3 mpaka 5, kwa hiyo mstari wako lazima uhesabu hilo, na zile kucha ni kali. Zikiingia kwenye reli ya kiti au kwenye champali ya mtoto, utajua. Zifagie kwa sumaku. Jigsoo, msumeno wa umeme wa bladi nyembamba, nayo inafaa pale ambapo nyuma kuna nafasi ya bladi kupanda na kushuka. Chagua bladi yenye meno yaliyokaribiana, nafasi ya milimita 0.7 au 0.8, na ubandike utepe wa karatasi wenye gundi chini ya kiatu chake, kile kibao kinachoteleza juu ya bati, isikwangue rangi.

Sasa tuje kwenye grinda, maana najua ndiyo mliyoijia.

Grinda ni kifaa kizuri. Siipigi vita. Lakini nani kati yenu ameshasoma maandishi yaliyo kwenye jiwe? Someni nami. Kwanza unene. Kwa bati la bodi chukua jiwe la milimita 1. Linakata haraka, linapasha joto kidogo, njia yake ni nyembamba. Lile la milimita 6 ni la kusagia, halikati. Na hili la milimita 1 halisagii. Ukilisukuma kwa ubavu linapasuka, kwa sababu limetengenezwa libebe nguvu ya ukingo tu.

Pili, kasi. Mawe mengi ya aina hii yameandikwa mita 80 kwa sekunde. Kwa jiwe la milimita 115 hiyo ni mizunguko 13,300 kwa dakika. Kwa la milimita 230 ni mizunguko 6,650 tu. Grinda ndogo ya 115 inazunguka kama 11,000. Sasa sikilizeni hatari ilipo: tundu la katikati la mawe yote mawili ni lilelile, milimita 22. Kijana anapata jiwe kubwa la bure, anaona linaingia, anatoa kinga ya grinda inayofunika jiwe ili lizunguke, anawasha. Lile jiwe kubwa kwenye mashine ile linakwenda mita 132 kwa sekunde, wakati limepimwa kwa 80. Halitaki kugusa chuma ili lipasuke. Linapasuka hewani, na kinga imeshatolewa. Nawaombeni kwa dhati: kinga ikitoka, grinda iwekwe chini. Kama kinga haipiti mahali unapotaka kukata, basi pale si mahali pa grinda.

Tatu, tarehe. Kwenye ile pete ya chuma katikati ya jiwe kuna mwezi na mwaka. Jiwe limeshikwa kwa gundi, na gundi inakufa. Kwetu inakufa upesi zaidi, kwa sababu hewa yetu ina unyevu na jiwe linaunyonya. Yawekeni yamelala bapa ndani ya kopo lenye kifuniko, msiyatundike kwenye msumari ukutani. Jiwe lililopinda, lililoanguka sakafuni au lililopita tarehe, livunje utupe, mwingine asije akaliokota. Na jipya ukilifunga, liache lizunguke bila kazi dakika moja huku umesimama pembeni, si mbele yake.

Cheche nazo zina habari yake. Zinaruka mita nyingi. Usikate chini ya banda la makuti, hata kama jua ni kali na kivuli kinakuita. Toa viti, toa zulia, toa sponji. Funika vioo kwa gunia lililoloweshwa, maana cheche inayeyuka ndani ya kioo na haitoki. Funika pia rangi nzima: vumbi la chuma likilala juu yake, umande wa usiku mmoja unatosha kuligeuza madoa ya kutu, na mwenye gari atadhani umemharibia makusudi. Ndoo ya maji, ndoo ya mchanga, na kizimamoto karibu. Ukimaliza usiondoke. Kaa saa nzima, pitisha mkono, nusa. Moto wa sponji na lami ya chini ya gari unaanza polepole.

Nguo? Miwani, na juu yake ngao ya uso. Viatu vilivyofunika, glavu za ngozi, vizibo vya masikio. Nguo ya pamba, si ya nailoni. Bati lililopakwa zinki toa zinki ukingoni kwa msasa kabla ya kuchomea, na fanya kazi upepo ukiwa mgongoni. Mvuke wake unaleta homa na baridi usiku ule ule.

Nimefika mahali ninapopapenda. Wakati mwingine mkato bora ni kutokukata kabisa.

Bodi ya gari imeunganishwa kiwandani kwa spoti, zile nukta za kuchomea, kila moja kama milimita 5 au 6. Mtu ana madigadi nzima ya kubadilisha, amenunua nyingine iliyotumika. Mmoja anaikata katikati kwa grinda na kuacha kovu refu la kuchomea mbele ya macho ya watu. Mwingine anafungua spoti pale kwenye ukingo wa mlango na ndani ya buti, anaitoa kama ilivyowekwa, na kovu linakaa chini ya mpira ambapo hakuna anayeangalia. Yupi fundi?

Kuzifungua ni hivi. Sugua rangi kwa brashi ya waya au msasa namba 80 mpaka vile vishimo vya duara vionekane. Piga senta panchi, kile chuma chenye ncha cha kutia alama, katikati ya kila kimoja, usiruke hata kimoja, biti isije ikateleza. Kama unatumia biti ya kawaida, tangulia na tundu la milimita 3, kisha milimita 8. Drili iende polepole, mizunguko 800 mpaka 1,000, na tone la mafuta. Biti ikipiga kelele na isitoe nyuzi za chuma, umeipasha. Punguza kasi, ongeza mkandamizo. Unataka kutoboa bati la juu tu. Biti ya kawaida ina ncha ndefu, kwa hiyo inatoboa la chini kabla ya juu halijaachia. Bora ile biti ya spoti yenye mdomo bapa na ncha ndogo katikati, au ya kikombe yenye sindano ya springi. Ukiona rangi ya vumbi imebadilika au pete ndogo imejitokeza, simama. Ingiza tindo nyembamba kati ya mabati mawili, gonga kidogo, itaachia. Isipoachia usilazimishe, kuna spoti umeiruka, itafute. Kwenye bati jipya utatoboa matundu ya milimita 8 na kujaza kwa waya, na hayo ndiyo spoti zako mpya.

Tindo hiyo iwe pana kidogo, milimita 25 au 30, na imenolewa ubavu mmoja. Ile nene ya kupasulia zege haifai hapa, itakunja kila kitu.

Plazma nimeulizwa, ile mashine inayokata chuma kwa umeme na hewa. Inakata vizuri, lakini inataka hewa kavu, na kompresa zetu zinatema maji. Bila mtego wa maji ncha zake zinaliwa upesi. Kwa kazi ya nyumbani gari moja moja, pesa hiyo ikanunue mashine nzuri ya waya.

Lililobaki ni zito: mahali ambapo kifaa chochote hakifai nyumbani. Nguzo ya katikati ya gari za miaka hii, na mara nyingi kizingiti cha ndani, zina chuma kigumu cha boroni. Biti inateleza, inang'aa, inakufa. Ikikukataa hivyo, iachie. Hiyo ni sehemu inayolinda mbavu za abiria, na joto linaiua nguvu yake. Humo humo kuna kikaza mkanda wa kiti, na kwenye paa kuna chupa ya gesi ya mfuko wa hewa. Toa waya hasi wa betri, subiri dakika 10, na ukiona nyaya zenye ala ya njano jua uko jirani na mfuko wa hewa. Nyaya za rangi ya machungwa ni za gari za umeme na mafuta, Prius na Aqua. Zinabeba volti 144, 200 au zaidi kufuatana na gari, na zinapita chini ya sakafu. Usikate sakafu ya gari hiyo mpaka mwenye ujuzi nayo amezima betri kubwa.

Tangi la mafuta lishushwe kabla ya cheche yoyote nyuma ya gari. Tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke.

Na kizingiti: usikikate chote kwa pamoja. Gari iko juu ya jeki katikati, mtu amekata kizingiti kuanzia mbele hadi nyuma, bodi imelegea, amechomea hivyo hivyo. Gari ikishuka, mlango haufungi. Weka stendi karibu na magurudumu, acha milango ining'inie mahali pake, pima pengo la mlango kabla na baada, na ukate kipande kisichozidi sentimita 30, uchomee, ndipo uende kingine.

Kwa anayeanza, nunua kwa mpangilio huu: miwani na ngao, mkasi mwekundu na wa kijani, msumeno na bladi za meno 32, tupa, tindo nyembamba, senta panchi, drili na biti ya spoti ya milimita 8. Grinda ifuate baadaye, na mawe ya milimita 1 machache machache, msinunue boksi zima likazeekea kwenye unyevu.

Boneti bovu na mlango wenye spoti vipo hapo mezani. Aliye na swali aulize huku anakata. Ahsanteni.